Drinkwater, Tippu Tip na Mkanda wa Shanga

Uingereza wako watu wenye jina la ukoo Drinkwater, yaani Mnywa-maji, na halimshangazi mtu. John Drinkwater, mshairi na mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa mwaka 1882 na kufariki 1937, alichapisha kitabu baada ya kitabu kwa jina hilo, na mchezo wake wa kuigiza kuhusu Abraham Lincoln ukampatia sifa London na New York. Leo ni jina tu. Lakini lilipoanza kuandikwa katika kumbukumbu za Kiingereza, karne ya 13, lilikuwa bado bichi. Kulikuwa na mtu kijijini aliyejulikana kwa kunywa maji. Au aliyejulikana kwa kutoyagusa.

Uwezekano huo wa pili nimeuweka makusudi, na nitaurudia.

Wanaochunguza majina ya ukoo ya Kiingereza huyagawa katika mafungu manne: yatokanayo na mahali, na jina la baba, na kazi, na lakabu. Matatu ya kwanza hayana taabu kubwa. Smith alikuwa mhunzi, Johnson alikuwa mwana wa John. Fungu la lakabu ndilo linalosumbua, kwa sababu maneno yake mara nyingi ni mepesi kabisa. Russell ni mwenye nywele nyekundu. Armstrong ni mwenye mkono wa nguvu. Cruikshank, jina la Waskoti, ni mwenye mguu uliopinda. Liko hata Gotobed, Nenda-kitandani. Kamusi inakupa maana ya neno kwa mstari mmoja, nawe unadhani umeshajua habari ya mtu. Hujajua. Umejua aliitwaje, kwa nini aliitwa hivyo ni suala jingine, na hapo kamusi hubaki kukisia kama sisi wengine.

Tumchukue huyo Mnywa-maji. Katika Uingereza ya zama zile kinywaji cha kila siku kilikuwa pombe ya nafaka, hasa shayiri, nyepesi, iliyopikwa majumbani, mara nyingi na wanawake. Ilikuwa muhimu kiasi kwamba sheria inayotajwa kuwa ya mwaka 1266 ilifunga bei yake na bei ya nafaka, pamoja na bei ya mkate. Mahali pa namna hiyo, mtu akinywa maji watu wanaona. Labda ni fukara asiyeweza kununua pombe. Labda ni mcha Mungu, au mtu wa kiasi. Labda ana maradhi ya kiu. Na labda, wako waliosema hivyo, ni mlevi wa kupindukia au mwenye kilabu, na jina ni kejeli tupu. Anayejua utani wa kwetu hatashangaa: jitu la miraba minne huitwa Kimbaumbau, na mwenye jina huitika. Wafaransa wana Boileau, Waitaliano wana Bevilacqua, yote ni Mnywa-maji, na Wabevilacqua wa Verona walikuwa mabwana wakubwa. Kwa hiyo kichekesho kilieleweka katika lugha tatu. Kilichekesha kwa lipi, hakuna kati ya lugha hizo inayotuambia.

Alitokea mtu aliyetaka kumwokoa Mnywa-maji na kichekesho chenyewe. William Camden, mwanahistoria na mwalimu wa Westminster, alichapisha mwaka 1605 kitabu chenye sura ndefu kuhusu majina, na humo akaeleza kuwa Drinkwater ni Derwentwater lililoharibiwa na ndimi za watu. Derwentwater ni ziwa kaskazini mwa Uingereza, na ni jina la ukoo wenye ardhi. Kwa pigo moja la kalamu maskini, au mlevi, akawa na asili katika milima ya Cumberland. Wachunguzi wa baadaye hawakukubali: maandishi ya zamani yanaonyesha kunywa na maji waziwazi, bila ziwa. Lakini Camden hakuwa mjinga. Tangu 1597 alikuwa mmoja wa maafisa wakuu wa nembo za koo, na kazi ya ofisi hiyo ilikuwa kushughulika na watu waliotaka nasaba zao zionekane nzuri. Mtu wa kazi hiyo huzoea kuona uungwana chini ya kila jina.

Na ofisi hiyo hiyo ndiyo iliyoshughulikia jina kubwa kuliko yote ya lakabu za Kiingereza. Shakespeare ni Mtikisa-mkuki. Wasomi wanalichukua kuwa lakabu ya mtu mgomvi au askari mwenye mbwembwe, na wako wanaohisi humo mzaha wa faragha ambao msomaji mtu mzima ataumaliza mwenyewe. Mmoja wa wa kwanza kuandikwa kwa jina hilo, mwaka 1248 huko Gloucestershire, alinyongwa kwa wizi. Mwaka 1487 msomi mmoja wa chuo cha Merton, Oxford, Hugh Shakspere, alibadili jina akajiita Saunders, na kumbukumbu za chuo zikaeleza sababu: jina la kwanza lilionekana duni. Basi mwaka 1487 jina hilo lilikuwa aibu ya kukimbiwa. Mwaka 1596 John Shakespeare wa Stratford, baba yake mshairi, alipewa nembo: ngao ya dhahabu yenye ukanda mweusi, juu ya ukanda mkuki, na juu ya yote ndege kipanga ameshika mkuki mwingine. Mwaka 1602 afisa mmoja wa ofisi hiyo, Ralph Brooke, alilalamika kwamba nembo zinagawiwa watu wa chini, na ukoo wa Shakespeare ukiwa miongoni mwao. Camden alikuwa mmoja wa walioutetea.

Tazama kilichofanyika. Kilichokuwa mdomoni mwa majirani kimepakwa dhahabu. Neno halikubadilika hata herufi ya maana; aliyebadilika ni anayelieleza.

Warumi walikuwa wameshacheza mchezo huu zamani. Jina la tatu la Mrumi lilikuwa mara nyingi lakabu ya mwili isiyo na huruma: Naso ni wa pua, Strabo ni makengeza, Crassus ni mnene, Caecus ni kipofu. Nalo lilirithiwa, hata na watoto wenye pua za kawaida. Cicero linatokana na dengu. Plutarch anasimulia kuwa babu mmoja wa ukoo huo alikuwa na ncha ya pua iliyopasuka kidogo kama punje ya dengu. Kijana Marcus Tullius alipoingia kwenye siasa, marafiki walimshauri aliache jina hilo au alibadili. Akakataa, akasema atalifanya litukuke kuliko majina ya wakubwa wa wakati huo. Kisha, akiwa ofisa Sicily, aliweka wakfu kwa miungu chombo cha fedha, akaagiza yaandikwe majina yake mawili ya kwanza, na mahali pa la tatu fundi achonge dengu.

Sitaki kuficha kwamba nampenda Cicero hapa kuliko akina Shakespeare. Dengu yake ilibaki dengu. Hakusema babu zake walitoka kwenye ziwa la Dengu.

Kuyasoma haya tukiwa huku, ambako lakabu zimezaliwa mbele ya macho ya watu na wenyewe wakahojiwa, kunatusaidia kupima. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyezaliwa Unguja yapata 1837 na kufa huko huko mwaka 1905, dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Huyu ndiye bora kwa jaribio letu, maana ameacha maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa Berlin kwa mkono wa Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Kama kuna mwenye lakabu aliyepata nafasi ya kutueleza mwenyewe, ni yeye. Na anaeleza: ni mlio wa bunduki zake, tip-tip, kama walivyousikia watu wa bara aliowapiga. Vizuri. Lakini msafiri Livingstone, aliyekutana naye mwaka 1867 baada ya vita vyake na mtemi Nsama, aliandika sababu nyingine, ya mtu anayejikusanyia mali. Na wako waliosema ni macho yake tu: alikuwa akipepesa kope bila kukoma, na jina linaigiza kope hizo.

Maelezo matatu, mtu mmoja, na mwenyewe bado yuko hai. Lipi la kweli? Kwa hisia yangu ni kope. Kupepesa macho ndicho kitu ambacho watu hukiona kwanza na kukitania kwanza, na ndicho ambacho mwenye nacho hapendi kukitaja. Bunduki zinampa heshima ya kutisha. Kope zinamfanya mtu. Sina ushahidi zaidi ya kujua jinsi lakabu zinavyotolewa. Wala tusisahau kuwa kwa wale waliochukuliwa kwa minyororo kutoka vijijini mwao, swali la bunduki au kope halikuwa na uzito wowote. Ila mpangilio ni ule ule wa Stratford: mwenye jina akiishika kalamu, mkuki hupanda kwenye ngao.

Kwa mrithi wa jina mfano wetu wa wazi zaidi uko Kenya. Kamau wa Ngengi alizaliwa upande wa Gatundu miaka ya 1890. Mwaka 1914 alibatizwa na wamisionari wa Kiskoti wa Thogoto. Inasimuliwa kwamba alitaka aitwe John Peter. Akaambiwa achague moja, naye, kwa kuwa Petro ni jiwe, akaliunganisha jiwe na John akapata Johnstone. Kijana wa namna hiyo hakuwa wa kuachia majina yake yajiendee. Miaka ya 1920 alikuwa Nairobi, mwajiriwa wa manispaa upande wa maji, akisoma mita. (Mnywa-maji wa karne ya 13 angefurahi kusikia.) Alipenda kuvaa mkanda wa shanga wa Kimaasai, kinyata, na jina hilo akalipa hata duka lake la Dagoretti, Kinyata Stores. Likamganda. Mwaka 1938 kitabu chake kuhusu maisha ya Wakikuyu kilipotoka London, jaladani palisomeka Jomo Kenyatta.

Tahajia nayo imetembea. Kinyata limekuwa Kenyatta, na ghafla nchi nzima imo ndani yake. Walipokuja kumshangilia, walikuwapo waliosema jina maana yake ni taa ya Kenya, na kwa msemaji wa Kiswahili ni rahisi sana kusikia hivyo: Kenya, taa. Mwanawe Uhuru, rais kuanzia 2013 hadi 2022, hakuhitaji kuvaa mkanda wowote. Kwake ni jina la ukoo kama Armstrong alivyokuwa wa Neil. Kazi iliyochukua vizazi kadhaa Uingereza hapa imechukua kimoja. Na humo humo katika kizazi kimoja yameshapatikana maelezo mawili, ya mkanda na ya taa, ya pili yakiwa mazuri zaidi na ya uongo zaidi. Taa ya Kenya ni Derwentwater ya kwetu.

Kwa nini basi lakabu kugeuka jina la ukoo ni nadra pwani? Lakabu tunazo tele. Lakini muundo wa jina letu hauna kiti cha kuikalisha. Fulani bin fulani bin fulani: kila kiti kimeshakaliwa na baba na babu, na mwisho, kwa wenye nao, ukoo au mahali, Mazrui, Barwani, Shirazi. Sunday Manara wa Yanga aliitwa Kompyuta miaka ya 1970, na mpaka leo wazee wa mpira wakilitaja wanatabasamu. Mwanawe Haji, msemaji maarufu wa vilabu, ni Manara, si Kompyuta. Hata Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Fumba aliyepewa jina Mtumwa alipozaliwa, watu walipomwinua wakamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima, walibadili jina la mwanzo tu. Binti Saad halikuguswa. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa mwimbaji huyo, liko pale pale kwenye jalada.

Iko pia adabu. Sura ya 49 ya Qurani, aya ya 11, inawakataza waumini kuitana kwa lakabu mbaya, na aya hiyo husikika msikitini na madrasani mara nyingi. Lakini elimu yenyewe ya hadithi imejaa wapokezi wanaojulikana kwa lakabu za mwili: al-A‘raj ni kiguru, al-A‘mash wa mji wa Kufa ni mwenye macho dhaifu yanayotoka machozi. Mwandishi mkubwa wa Basra wa karne ya 9 tunamwita al-Jahiz, mwenye macho yaliyotokeza, na wachache hukumbuka jina alilopewa na baba yake. Wanazuoni walilitatua kwa njia ya kiutendaji: kumtaja mtu kwa lakabu ya kilema inaruhusiwa ikiwa ni kwa kumtambulisha, hairuhusiwi ikiwa ni kwa kumdunisha. Neno ni lile lile. Kinachohukumiwa ni nia.

Kigezo hicho nakiona kila linaposomwa tangazo la kifo redioni. Msomaji anataja jina la marehemu, la baba na la babu, anataja mtaa, na barazani watu wanatazamana: nani huyo? Kisha anaongeza, “maarufu kwa jina la,” tuseme, “Mzee Kibiriti,” na papo hapo kahawa inawekwa chini. Innalillahi. Kumbe Kibiriti! Miaka yote mtu amekuwa Kibiriti, pengine kwa hasira zake za ghafla, pengine kwa kuwa aliwahi kuuza viberiti, na wanaobaki wanaanza kubishana juu ya hilo kabla jeneza halijatoka nyumbani. Watoto wake mtaani ni watoto wa Kibiriti. Kwenye cheti cha kuzaliwa hakimo kibiriti chochote.

Kule Uingereza aliyeamua vingine alikuwa karani. Karani wa bwana mwenye ardhi anao akina John watatu kwenye orodha moja, na anataka kujua yupi hajalipa. Hamuulizi John mwenyewe anapenda aitweje. Anaandika wanachosema majirani, na wao husema kile wanachokisema mtu akishageuka mgongo. Shamba linapita kwa mwana, jina linapita pamoja na shamba, na mwana huyo hata kama hajawahi kugusa maji ni Drinkwater kwa sababu ndiye anayelima kipande cha Drinkwater. Kodi ya kichwa ya 1377, ikarudiwa 1379 na 1381, iliwaandika mpaka wasio na shamba. Ile ya mwisho ilisababisha uasi mkubwa, lakini wakati huo majina yalikuwa yameshaandikwa. Kwa hiyo majina ya ukoo ya lakabu ni, kwa sehemu kubwa, masengenyo yaliyopigwa muhuri. Uturuki ilijua hatari hiyo. Sheria yake ya mwaka 1934 ilipomlazimisha kila raia kuchukua jina la ukoo, ilikataza pamoja na mengine majina ya aibu na ya kuchekesha.

Kenya ilikuwa na karani wake. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume wa miaka 16 na zaidi akapaswa kutembea na kipande chenye jina lake na alama za vidole, ndani ya kikopo cha chuma, mara nyingi kikining’inia shingoni. Hapo ndipo jina la baba lilipogeuka la ukoo kwa wengi, kwa kuwa fomu ilitaka hivyo, na kwa wachache lakabu ikapita mlango huo huo.

Upande wa magharibi, Kongo, mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1879 Henry Morton Stanley, akimtumikia Mfalme Leopold II, alianza kupasua njia kutoka Vivi kuyazunguka maporomoko ya mto, na watu waliomwona akivunja majabali wakamwita kwa Kikongo Bula Matari, Mvunja-mawe. Mwenyewe alijivunia. Lakini hakulirithisha mtoto. Alipoondoka, jina lilibaki kwa waliomfuata, maofisa wa dola huru ya Leopold, wakusanya mpira na kodi. Na mwaka 1908 nchi ilipokabidhiwa Ubelgiji, ofisa aliyefika kijijini na daftari bado alikuwa Bula Matari, awe ni wa Antwerp au wa Liège, awe amewahi kugusa nyundo au hajawahi. Huko aliyeandika majina ya watu alipewa lake, na hakuna aliyemuuliza kama analipenda.